Kutoka Ua hadi Mji: Asili na Maana za Neno ‘Town’ na Wenziwe Katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Meru au Embu aanzapo kujifunza Kiingereza hufundishwa kwamba ‘town’ ni mji na ‘home’ ni nyumbani. Arudipo kwao jioni hulikuta lile neno la kwanza la Kiswahili, umbo lake likiwa limebadilika kidogo tu, likitumika kwa maana ya neno la pili. Katika Kimeru na Kiembu, mũciĩ ni maskani ya familia: nyumba za mume na wake, ghala za nafaka, mahali pa mbuzi na ng’ombe, na watu waliozaliwa hapo. Basi mtu atokaye sokoni Embu kwenda kwao huwa anaondoka mjini kwa Kiswahili na kuelekea mũciĩ kwa lugha yake. Maneno mawili ya mzizi mmoja yamesimama kwenye ncha mbili za njia moja.

Maelezo ya upesi ya jambo hili ni kwamba watu wa bara hawakuwa na miji, na kwa hiyo neno lao lilibaki dogo hali la pwani likakua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Tutaona kwamba ‘town’ la Waingereza, mji wa Waswahili na mũciĩ wa Wameru na Waembu yote yalianza na maskani ya watu, na kwamba jambo lililoyatenga si wingi wa nyumba peke yake. Swali lililo chini ya maneno haya ni la uhusiano: ni nani aliyeujenga ua, na ni nani awezaye kujiita mwenyeji ndani yake. Historia ya Meru na Embu tangu mwanzo wa karne ya 20 imeliweka swali hilo wazi kuliko mahali pengi.

2. ‘Town’ na ‘home’ katika Kiingereza

Tuanze na neno la Kiingereza, kwa kuwa ndilo ambalo watu wengi hudhani lilizaliwa likiwa na maana ya mji. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa tūn, na maana yake ilikuwa ua, yaani mahali palipozungushiwa boma la miti au ukuta. Kisha shamba na nyumba zilizomo. Kisha kundi la nyumba kama hizo. Lugha ndugu zimeihifadhi maana hiyo ya kwanza. Kijerumani kina Zaun, ambalo hata leo ni ua wa kuzungushia. Kiholanzi kina tuin, ambalo ni bustani. Katika Scotland neno hilo hilo liliendelea kutumika kwa maana ya shamba moja na majengo yake muda mrefu baada ya kuwa neno la mji kusini.

Alama za maana ya kale zimebaki katika majina ya mahali. Jina Preston, mathalani, lilikuwa shamba la kasisi kabla ya kuwa jina la mji wa viwanda. Maana ya mji ilianza kushika nguvu kuanzia karne ya 12 hivi, baada ya Wanormani kuitawala Uingereza, masoko na hati za wafalme zilipoanza kuyatenga baadhi ya makazi na mengine. Neno ‘city’ liliingia kwa njia nyingine: lilitoka katika Kilatini civitas kwa kupitia Kifaransa, na asili yake haikuwa ua wala ukuta bali jumuiya ya raia.

Lakini jambo lenye faida zaidi kwetu ni hatima ya neno la pili, ‘home’. Katika Kiingereza cha kale hili lilikuwa hām, nalo lilikuwa na maana ya maskani na pia ya kijiji. Ndilo tunalolikuta mwishoni mwa majina kama Birmingham na Nottingham. Kwa hiyo tūn na hām yalikuwa maneno jirani, yote mawili yakiweza kutaja nyumba za mtu mmoja au makazi ya watu wengi. Baadaye yakaachana: moja likapanda likawa la mji, jingine likabaki na mapenzi yote ya nyumbani. Mgawanyo ambao Kiingereza kiliufanya kwa maneno mawili ndani ya lugha moja, sisi tunaukuta kwa neno moja katika lugha mbili.

3. Mji na mũciĩ

Kwamba mji na mũciĩ ni neno moja si jambo la kubahatisha. Wakamba, majirani wa Waembu na Wambeere upande wa mashariki, husema mũsyĩ, nao humaanisha nyumbani. Wamijikenda husema mudzi. Wachewa wa Malawi wana mudzi, ambao ni kijiji, na Wazulu wa Afrika Kusini wana umuzi, ambao ni maskani ya familia pamoja na zizi lake. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu iliyotolewa kati ya 1967 na 1971, aliuweka mzizi huu miongoni mwa mizizi iliyoenea katika eneo kubwa la lugha hizo.

Mapokeo ya Wameru yanasema kwamba wazee wao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, penye maji, ambako walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu. Na wako wanahistoria, akiwamo Jeffrey Fadiman, waliopatafuta Mbwaa katika visiwa vya pwani ya kaskazini. Mtu angeweza kudhani basi kwamba mũciĩ ni mji wa pwani uliochukuliwa bara na kupungua ukubwa. Dhana hiyo haisimami. Neno lililoenea kutoka Mlima Kenya hadi Afrika Kusini haliwezi kuwa limetoka katika bandari moja. Tena maana ya maskani na kijiji ndiyo iliyotapakaa katika lugha hizo, na maana ya mji mkubwa ndiyo ya pekee. Mũciĩ haukupungua. Ni mji wa pwani uliokua.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi wa jambo hilo. Tulitazame neno mwenyeji. Limeundwa kwa mwenye na mji, nalo lina maana mbili ambazo hatuzioni kuwa mbili mpaka tuzitenganishe: ni mtu anayempokea mgeni nyumbani kwake, na ni mtu wa asili wa mahali fulani. Maana ya kwanza haieleweki iwapo mji ni Mombasa au Lamu nzima. Inaeleweka iwapo mji ni maskani ya mtu mmoja, aliye na haki ya kufungua mlango na kusema karibu. Mwenyeji wa Kiswahili, kwa asili, ni yule yule ambaye Wameru na Waembu humwita mwene mũciĩ.

Kuna ushahidi mwingine wa namna hiyo. Wanawake wa pwani huliita eneo la kati la kanga mji, nalo limezungukwa na pindo pande zote. Tumbo la uzazi huitwa mji wa mimba au mji wa uzazi. Hatudai kwamba matumizi haya ni ya zamani sawasawa na mzizi wenyewe. Twasema tu kwamba Waswahili walipohitaji jina la mahali pa ndani, palipozungukwa na kulindwa, neno mji lilikuwa tayari.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Mijikenda ni miji kenda, yaani miji tisa, na kwamba kila mmoja wa miji hiyo ulikuwa na kaya yake, makazi yaliyojificha katikati ya msitu na kuingiwa kwa njia zilizolindwa. Leo katika Kiswahili cha ofisi kaya ni watu wa nyumba moja, wale wahesabiwao pamoja wakati wa sensa. Basi neno moja laweza kupanda kutoka maskani hadi mji, na jingine likashuka kutoka mji hadi nyumba. Hakuna sheria ya maumbile inayolazimisha maneno ya makazi kukua tu.

Hata hivyo tofauti ya pwani na mlima ilikuwapo, na haifai kufichwa. Pwani mji ulizaa jina la watu: Mvita ikatoa Wamvita na Kimvita, Amu ikatoa Waamu na Kiamu, Pate ikatoa Wapate na Kipate. Katika miinuko ya Mlima Kenya, watu waliishi katika maskani zilizotawanyika juu ya migongo ya vilima, kila mgongo ukitengwa na mwenzake kwa bonde na mto, na mashamba yakishuka kutoka kwenye baridi ya msitu hadi kwenye joto la tambarare. Mashauri yao hayakuhitaji mji: Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lililounganisha sehemu mbalimbali za nchi. Lahaja zao pia huitwa kwa majina ya makundi ya watu: Kiimenti, Kitigania, Kiigembe.

H. E. Lambert aliijua hali hii kwa pande zote mbili. Katika miaka ya 1930 alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni huko Meru, akachunguza mabaraza na umilikaji wa ardhi. Baadaye akageukia lahaja za Kiswahili na kuandika juu ya Kivumba, Kichifundi na Kijomvu. Ni wachache waliokuwa na nafasi kama yake ya kuuona mji na mũciĩ kwa pamoja.

4. Boma lageuka mji

Miji ya Embu na Meru haikukua kutoka katika mũciĩ. Ilianza na boma. Kituo cha Embu kilianzishwa mwaka 1906 baada ya majeshi ya Waingereza kuwashinda Waembu kwa nguvu za bunduki, na kile cha Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina Kangangi. Neno boma lilipandishwa bara na askari, wapagazi na makarani waliozungumza Kiswahili. Maana yake ya awali ni ile ile ya tūn: uzio wa miti au miiba wa kulinda watu na mifugo. Kutoka hapo lilipata maana ya ngome, kisha ya ofisi ya mkuu wa wilaya, na kisha ya mji ulioizunguka ofisi hiyo. Katika Kiswahili cha Kenya cha siku hizi limezunguka na kurudi lilikotoka, kwa kuwa mtu husema boma lake akimaanisha maskani yake ya mashambani.

Kuna jambo moja katika majina ya vituo hivi ambalo halina budi kuangaliwa. Embu, Meru na Chuka ni majina ya watu kabla ya kuwa majina ya miji. Watawala walipanda bendera mahali fulani na kupaita kwa jina la wale waliotawaliwa kutoka hapo. Utaratibu wa pwani ukawa umepinduliwa: mji haukuwapa watu jina, bali ulichukua jina la watu ambao wengi wao hawakuishi ndani yake.

Walioishi ndani yake walikuwa maafisa, askari, wafanyabiashara wa Kihindi, na Waislamu wa asili mbalimbali waliokuwa na Kiswahili kama lugha yao ya pamoja. Katika mji wa Meru umo mtaa uitwao Mjini, na mwingine uitwao Majengo, jina linalopatikana pia Mombasa, Nairobi na miji mingine mingi. Mtu aliye Meru aweza basi kutoka mjini kwenda Mjini, jambo lisiloeleweka ila kwa historia: wasemaji wa Kiswahili walikaa mahali pamoja, wakapaita kwa neno lao, na kwao hapo ndipo palipokuwa na maana ya nyumbani. Kwa Mmeru wa kilimani neno hilo hilo lilikuwa jina la mahali pa wageni.

Siasa ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpitaji tu. Kwao halisi kulidhaniwa kuwa katika eneo alilotengewa kabila lake. Sheria ya kipande, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume kuchukua cheti chake popote aendapo. Kwa hiyo haikuwa ajabu lugha za mlimani zikalichukua neno la Kiingereza na kulitamka taoni, badala ya kuuita mji mũciĩ. Hata wafasiri wa Biblia katika Kikuyu, lugha ndugu, hawakuiita Yerusalemu mũciĩ. Walitumia itũũra inene, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuishi na kudumu. Wasemaji hawakukosa neno. Walikuwa nalo, wakakataa kulitumia mahali pasipostahili.

5. Kijiji cha amri

Jaribio kali zaidi la maneno haya lilikuja wakati wa Hali ya Hatari. Kati ya katikati ya 1954 na mwisho wa 1955, serikali iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawatia katika vijiji zaidi ya 800. Maskani zilizotawanyika zilibomolewa au kuchomwa. Nyumba mpya zilipangwa kwa mistari, zikazungushiwa uzio na handaki lililosimikwa miti iliyochongwa ncha, na kuangaliwa na walinzi waliojulikana kama homugadi. Saa za kutoka na kurudi zilikuwa za amri.

Tukitazama sura ya nje tu, makazi haya yalikuwa tūn kamili: ua, nyumba nyingi, na mlango wenye mlinzi. Yaliitwa kijiji, neno ambalo kisarufi ni mji mdogo. Yamkini hakuna mahali pengine ambapo umbo la neno na maana yake ya asili zilitengana kiasi hicho. Mũciĩ ulikuwa na ua uliojengwa na mwenyewe ili kuwazuia wanyama na adui wasiingie. Ua wa kijiji cha 1954 ulijengwa na wakazi kwa kulazimishwa, na kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa kuwazuia wakazi hao hao wasitoke. Nao walinzi walibeba jina lenye neno ‘home’ ndani yake.

Baada ya kuunganishwa kwa vipande vya ardhi chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, familia nyingi zilizopata shamba zilirudi kujenga kila moja mahali pake. Wale wasiopata ardhi walibaki vijijini kwa kukosa pa kwenda. Baadhi ya vijiji vilitoweka, na vingine vikawa vituo vya soko. Ndiyo sababu si haki kumcheka mzee wa Embu au Meru ambaye neno kijiji halimpi picha ya utulivu wa mashambani kama limpavyo mwandishi wa vitabu vya shule.

6. Mji wa mipaka na hesabu

Baada ya uhuru, serikali ilihitaji maana ya mji iwezayo kuhesabika. Sensa za 1962 na 1969 zilichukua idadi ya watu 2,000 kuwa kiwango cha chini cha makazi ya kimji. Katika sensa ya 1969 mji wa Meru ulikuwa na watu chini ya 5,000. Katika ile ya 1979 ulikuwa na zaidi ya 70,000. Watu hawa hawakuhamia Meru kwa miaka kumi. Sehemu kubwa yao hawakuhama hata hatua moja. Mipaka ya mji ilipanuliwa ikayameza mashamba ya kahawa na migomba, na maelfu ya wakulima wakaamka wakiwa watu wa mjini.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, pamoja na marekebisho yake ya 2019, imeendelea na njia hiyo: watu 250,000 kwa jiji, 50,000 kwa manispaa, 10,000 kwa mji. Kiswahili kimeufuata mpango huu kwa ustadi, kwani kutokana na mzizi ule mmoja kinaweza kuunda kijiji, mji na jiji, kila kimoja na ukubwa wake. Lakini mkulima aliyemezwa na mpaka bado husema anakwenda mjini anapokwenda dukani, na anarudi mũciĩ anapopanda kilima. Kwa hesabu za serikali hajatoka mjini hata kidogo.

7. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, kuna mambo mawili ya kutilia mkazo. La kwanza lawahusu watunga kamusi, wafasiri na walimu. Si vema kuandika kwamba mji ni ‘town’ na kuishia hapo, wala kuutaja mũciĩ kana kwamba ni mji ulioshindwa kukua. Mwalimu aliye Meru au Embu ana nafasi ya pekee ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba neno la nyumbani kwao ni shahidi wa maana kongwe zaidi, na kwamba Kiingereza nacho kilipita njia hiyo hiyo, kutoka ua hadi mtaa.

La pili lapita mipaka ya isimu. Waswahili husema, mkataa kwao ni mtumwa. Lakini methali hiyo yachukulia kwamba kila mtu ana kwao panapojulikana. Katika miji iliyoanza kwa boma, wako watu ambao babu zao walizikwa humo, na ambao hawana mũciĩ kilimani, lakini wangali huitwa wageni. Wako pia wakulima waliotiwa mjini kwa kalamu, ambao ardhi yao sasa yatawaliwa kwa kanuni za manispaa. Wote wawili wanauliza swali moja: ni nani mwenyeji wa Meru, ni nani mwenyeji wa Embu? Idadi ya watu haiwezi kulijibu, wala jina la kabila lililopachikwa juu ya kituo cha 1906 au cha 1908. Neno lenyewe limeweka sharti lake tangu zamani. Mwenyeji ni mwenye mji, na mji ambao wakazi wake hawana haki ya kumkaribisha mgeni ndani yake ungali boma.